Siombi Draiva, Naomba Karatasi Zake

Leo nimekasirika, na nasema mapema ili asiyependa kelele aondoke zake kabla sijaanza.

Mwezi wa Novemba 2025 mwalimu wa tarakilishi katika shule moja ya upili huko Nyeri alinipigia simu. Maabara yao ina mashine 18, zote mitumba, zilizoletwa nchini baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo Microsoft ilikuwa imesitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine zile ni za zamani mno kukubaliwa na Windows 11. Mwalimu alikuwa amesikia kuna kitu kinaitwa Linux, kwamba ni bure, na kwamba mimi ni mgonjwa wake. Nikaenda Jumamosi asubuhi na flashi mbili mfukoni na moyo mkunjufu.

Kufikia saa saba mchana mashine 11 zilikuwa zinakimbia kuliko zilivyowahi kukimbia. Saba zilizobaki ziliwaka vizuri pia. Skrini safi, sauti safi, kila kitu safi isipokuwa waifai. Hakuna kabisa, na maabara ile haina nyaya za mtandao. Nikapiga amri ya lspci, nikaona chipu ya kampuni ambayo sitaitaja. Draiva yake ya Linux ipo, ila ni faili lililofungwa: kampuni ilitoa toleo la mwisho miaka mingi iliyopita, ikasahau. Watu wa kujitolea hulibandika viraka kwa nje kila kerneli mpya inapotoka, lakini kilichomo ndani hawakioni. Kwenye mashine zile liligoma. Nikahangaika nalo mpaka saa kumi na moja jioni.

Mwalimu akaja, akasimama nyuma yangu, akauliza kwa upole kabisa: "Fundi, kwani hii Linux yako haijui waifai?"

Hapo ndipo paliponiuma. Kampuni iliuza chipu, ikapokea pesa zake, ikaficha jinsi ya kuzungumza na chipu hiyo, na lawama ikaangukia Linux. Kila mara ni hivyo. Mwenye kosa hayupo chumbani, na aliyekuja kusaidia ndiye anayetoa jasho la aibu. Mwishowe shule ilinunua vifaa saba vya waifai vya USB pale Luthuli Avenue, vyenye chipu ambayo naijua, shilingi 900 kila kimoja. Shilingi 6,300 za wazazi zikaenda kununua kitu ambacho tayari kilikuwa ndani ya mashine, kizima, bila ubovu wowote.

Karatasi gani hizo?

Kwa wale ambao hawajawahi kuandika draiva, chipu haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Inaelewa namba zinazoandikwa katika vijisanduku vyake vya ndani, navyo huitwa rejista. Ili kadi ya waifai iamke, draiva huandika namba fulani katika rejista fulani, husubiri kitambo kidogo sana, husoma jibu kutoka rejista nyingine, kisha huendelea na hatua inayofuata. Hatua hizo zaweza kuwa mamia. Mtengenezaji anazo zote kwenye kitabu, kwa sababu bila kitabu hicho hata wahandisi wake mwenyewe wasingeandika draiva ya Windows.

Hicho kitabu ndicho ninachokiita karatasi. Kimeshaandikwa na kimeshalipiwa. Kiko kabatini, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa wakili.

Angalieni vizuri ninachoomba. Siombi ramani ya transista wala siri za kiwanda. Naomba orodha ya rejista, maana ya kila biti, na utaratibu wa kuwasha na kuzima. Ukinunua kinu cha posho huulizi chuma chake kiliyeyushwa vipi. Unauliza mota inataka umeme wa volti ngapi na mkanda unazunguka upande gani. Muuzaji akikujibu kwamba hiyo ni siri, na kwamba kinu kitawashwa na kijana wake tu, utaondoka na pesa zako. Kwenye kompyuta tunalipa, tunasema asante, halafu tunaenda kulia pembeni.

Na haikuwa hivi zamani. Apple II ilipokuwa sokoni mwaka 1978 kitabu chake kilikuwa na michoro ya saketi pamoja na msimbo wa programu yake ya msingi. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliuza pia kitabu cha kiufundi chenye michoro na msimbo wote wa BIOS. Ndiyo, IBM, jitu lile lile. Kwa sababu mashine ilieleweka, watu wengine wakaweza kuiundia kadi, programu, na hatimaye mashine zinazofanana nayo. Compaq ilitangaza ya kwake mwaka 1982. Mashine zile 18 za Nyeri ni vitukuu vya ukoo huo. Soko zima la PC lilisimama juu ya kitabu kilichofunguliwa, kisha waliotajirikia humo wakajifunza kufunga vitabu.

Kuandika upya kitabu ambacho tayari kipo

Karatasi zikifichwa, wanaprogramu wa programu huria hawakai kimya. Huchokonoa. Huiendesha draiva iliyofungwa, huchungulia kila namba inayopita, na kubahatisha maana yake. Watu wengi huisifu kazi hiyo kana kwamba ni ushujaa. Ni ushujaa kweli, lakini pia ni upotevu mkubwa wa akili za watu.

Mnazikumbuka modemu za USB za intaneti ya 3G, zile zilizojaa kila mahali hapa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000? Nyingi zilikuwa na ujanja mmoja. Ukizichomeka zilijifanya ni diski ya CD yenye programu ya Windows. Ilibidi zitumiwe ujumbe fulani mfupi ndipo zivue joho la CD na kuwa modemu. Ujumbe huo ni baiti chache tu, mstari mmoja unaoweza kuandikwa nyuma ya risiti. Kwa watu wa Linux haukuandikwa popote. Watu wakakaa na Windows, wakaunasa ujumbe ukipita kwenye waya wa USB, modemu moja baada ya nyingine, wakakusanya orodha ndefu katika programu iitwayo usb_modeswitch. Wanafunzi na wafanyakazi wangapi hapa kwetu waliingia mtandaoni kwa Linux kwa sababu ya orodha ile! Na kila mstari wake ni kitu ambacho mtengenezaji angekiandika kwa dakika tano.

Sasa chukua kitu kikubwa zaidi. Chipu za waifai za Broadcom zilikuwa kila kona katikati ya miaka ya 2000, bila karatasi. Watu walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza draiva iliyofungwa na kuandika maelezo kwa lugha ya kawaida. Kundi la pili halikuigusa draiva ile. Lilisoma maelezo hayo tu, likaandika draiva mpya ili mtu asije akasema wameiba msimbo. Draiva hiyo iliingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006. Broadcom yenyewe ilikuja kutoa draiva huria ya chipu zake mpya mnamo Septemba 2010. Hesabu basi: watu wenye akili walikaa usiku kucha wakiandika upya kitabu ambacho kilikuwa tayari kimepigwa chapa, kwa sababu tu mwenye kitabu hakutaka kukitoa.

Kadi za picha za Nvidia ndizo mfano mchungu kuliko yote. Mradi wa Nouveau ulianza kwa kuangalia rejista kabla ya kuchora pembetatu moja, kisha kuziangalia tena baada ya kuichora, na kuuliza ni nini kilichobadilika. Kwa njia hiyo ya kipofu anayepapasa tembo waliandika draiva nzima, ikaingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Mwezi wa Juni 2012 Linus Torvalds, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, aliinyoshea Nvidia kidole kisichofaa mbele ya kamera na kusema ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Wengi walicheka. Lakini mwaka 2014 likaja jambo lisilochekesha: kadi mpya zikaanza kukataa fimuweya yoyote isiyo na sahihi ya kidijitali ya Nvidia. Maana yake, hata ukichokonoa ukajua kila kitu, bado huwezi kuiamuru kadi ipandishe mwendo wake. Kadi ya maelfu ya shilingi ikabaki inatambaa kwa mwendo wa kuwashia. Kabla ya hapo walikuwa wanakunyima kitabu tu. Sasa wakaongeza kufuli mlangoni.

Mwezi wa Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa kwenye kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda mbele. Ni hatua nzuri, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa imehamishiwa ndani ya fimuweya iliyofungwa. Na mwenye kadi ya kabla ya Turing, yaani sisi watu wa mitumba, hakupata chochote.

Waliofungua kabati hawakufa

Ningekuwa ninalalamika tu kama kusingekuwa na aliyefanya vingine. Yupo. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na mwezi wa Septemba 2007 ikatangaza kwamba itatoa maelezo ya kadi zake za picha hadharani, bila mkataba wa usiri. Mtu yeyote, popote, angeweza kupakua na kusoma.

Matokeo yake? Mwaka 2016 watu wawili wasiokuwa waajiriwa wa AMD, Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen, walianza kuandika draiva ya Vulkan kwa kadi za AMD, wakaiita RADV. Wengine wakajiunga, wakiwemo wahandisi wanaolipwa na Valve, kampuni ya michezo ambayo mwaka 2022 ilianza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux na chipu ya AMD. RADV ikawa nzuri kiasi kwamba mwaka 2025 AMD iliachana na draiva yake yenyewe ya Vulkan na kuunga mkono ile iliyoandikwa na watu wa nje. Rudia kusoma sentensi hiyo polepole. Kampuni ilitoa karatasi, ikaandikiwa draiva bora kuliko ya kwake, na bado inauza kadi hadi leo.

Atheros nao walitoa draiva huria ya ath9k mwaka 2008, na mwaka 2013 hata fimuweya ya baadhi ya vifaa vyao vya USB ikafunguliwa. Mwezi wa Februari 2014 Broadcom ilitoa maelezo ya sehemu ya picha ya chipu iliyomo kwenye Raspberry Pi, na wakfu wa Raspberry Pi ukatoa zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeufanya mchezo wa Quake III uende kwa draiva huria. Mtu alijitokeza akaichukua. Mpaka sasa sijasikia kwamba anga lilianguka.

Visingizio

Cha kwanza: "Washindani watatuiga." Jamani. Mshindani mwenye kiwanda ana maabara. Ananunua chipu yako, anaimwagia asidi, anaifunua tabaka kwa tabaka chini ya darubini. Hahitaji orodha ya rejista ili ajue unafanya nini. Anayezuiwa na siri hiyo si mshindani wako. Ni mwalimu wa Nyeri.

Cha pili: "Sheria za redio." Wanasema waifai ikiwa wazi watu watapandisha nguvu za mawimbi na kuvuruga masafa ya wengine. Hiki kina ukweli ndani yake na sitakipuuza. Masafa ni mali ya umma na lazima yalindwe. Lakini kama nilivyosema, ath9k imekuwa wazi tangu 2008, na ndege zinatua salama. Mwaka 2016 nchini Marekani TP-Link ilitozwa dola 200,000 kuhusu nguvu za ruta zake, na katika makubaliano yayo hayo na mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikakubali kushughulikia suala la ruta zake kukubali fimuweya huria za watu wengine. Yaani mdhibiti mwenyewe hakusema mlango ufungwe. Weka mipaka ya nguvu ndani ya chipu, kisha toa karatasi za sehemu iliyobaki.

Cha tatu: "Si sisi, ni wenzetu." Hiki wakati mwingine ni kweli, na ndicho kinachotisha. AMD ilitaka kuweka HDMI 2.1 katika draiva yake huria. Mabwana wa HDMI Forum walikuwa wameyafunga maelezo ya kiwango hicho, na mwezi wa Februari 2024 wakakataa draiva hiyo. Kampuni inayotaka kusema ikafungwa mdomo na chama chake yenyewe. Mambo ya waya wa televisheni! Ndiyo maana nasema tatizo si roho mbaya ya meneja mmoja. Ni mazoea ya biashara nzima kuuza mbuzi ndani ya gunia.

Cha nne: "Tumewapa draiva, mnataka nini zaidi?" Hiki ndicho kikubwa, na hapa nitagombana hata na watu wa upande wangu.

Kwa nini draiva haitoshi

Mwezi wa Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wazito wa kerneli ya Linux, alizitangazia kampuni zote: tupeni maelezo, au hata mhandisi wa kujibu maswali kwa barua pepe, nasi tutawaandikia draiva bure. Kwa kampuni zilizoogopa, palikuwa na njia ya kusaini mkataba wa usiri: mwanaprogramu anasoma karatasi kwa siri, anaandika draiva, draiva inatoka chini ya GPL, karatasi zinarudi kabatini. Lilikuwa wazo la ukarimu na namheshimu kwa hilo.

Upande mwingine walikuwepo OpenBSD na mkuu wao Theo de Raadt, ambao msimamo wao ulikuwa mkali: karatasi kwa wote, au basi. Mwaka 2005 Adaptec ilipowanyima maelezo ya kadi zake za RAID, waliiondoa draiva yake katika toleo la 3.7. Waliambiwa ni wakaidi, kwamba wanawaumiza watumiaji wao wenyewe. Nikiwa chuoni nami niliwaona hivyo. Siku hizi nadhani wao ndio walioona mbali.

Fungua draiva iliyoandikwa chini ya usiri uone. Utakuta mistari inayosema andika namba hii katika rejista ile, kisha namba ile katika rejista hii, bila neno la maelezo. Kwa nini namba hiyo? Mwandishi anajua, lakini aliahidi kunyamaza. Msimbo uko wazi, maana yake imefungwa. Siku mwandishi akichoka, akihamia kazi nyingine au akifariki, anaacha uchawi ambao hakuna mrithi wake. Kitu kikiharibika humo, anayekuja baada yake anarudi kule kule kwenye kupapasa tembo.

Na tuulizane: ni nani huyo anayesaini? Baada ya ile Jumamosi niliiandikia kampuni moja ya chipu nikiomba maelezo. Wakanielekeza kwenye fomu. Fomu iliuliza jina la kampuni yangu, nambari ya usajili, na idadi ya chipu tutakazonunua kwa mwaka. Chaguo la chini kabisa lilikuwa 10,000. Nilitafuta pa kuandika 7, sikupaona.

Mkataba wa usiri ni mlango unaofunguliwa kwa mtu mmoja anayejulikana, anayefanya kazi mahali panapojulikana, mwenye wakili wa kuusoma. Mtu huyo hakai Eldoret. Karatasi ikiwa wazi, anayetaka kusoma anasoma. Ikiwa ya siri, hata ikizaa draiva huria, uhuru wenyewe unagawanywa kwa kujuana. Ndiyo maana siombi draiva. Draiva nitaiandika, au ataiandika mwingine, au tutashindwa na hiyo itakuwa aibu yetu wenyewe. Richard Stallman husimulia kwamba safari yake ilianzia maabara ya MIT karibu mwaka 1980, alipotaka msimbo wa mashine ya kuchapisha ya Xerox ili airekebishe. Mtu aliyekuwa nao katika chuo cha Carnegie Mellon akamnyima kwa sababu aliahidi kutoutoa. Ahadi ya mtu mmoja kunyamaza ilimfungia nje kila mtu mwingine. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. Sasa sisi wana wa mradi huo tusaini ahadi ile ile na kujipongeza?

Najua nasi tumelegeza kamba. Mwaka 2022 Debian walipiga kura, na kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 diski yao ya kusakinisha hubeba fimuweya zisizo huria. Siwalaumu. Bila fimuweya hizo huenda hata zile mashine 11 za Nyeri zisingepata mtandao. Lakini mtu anayekunywa maji ya kisima cha jirani asisahau kwamba hana kisima.

"Nani hapa Kenya atazisoma?"

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinicheka. "Wewe nawe! Nani hapa atasoma kurasa elfu moja za rejista?"

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Mnalisoma? Hamlisomi. Lakini siku serikali ikisema halitachapishwa tena, kwamba litaonyeshwa kwa watu wachache watakaoapa kunyamaza, nadhani hata rafiki yangu atatoka barabarani. Kitu huwekwa wazi ili yule mmoja anayekihitaji akikute.

Halafu hebu tujiulize kwa nini wasomaji ni wachache. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Tulifundishwa mifumo endeshi, tukachora maboksi ubaoni, tukapita mitihani. Draiva ya kifaa halisi sikuiandika hata moja. Huwezi kumfundisha mtu kuogelea kwa chaki. Wakati karatasi zinapokuwepo, watu wetu hufanya kazi. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti. Msimbo ulikuwa wazi, wakakaa chini wakafanya.

Na sisi ndio tunaohitaji kuliko wengine. Mtu wa ng'ambo chipu ikimsumbua hununua laptopu mpya. Sisi tunapokea ile aliyoitupa, tukitarajia itumike miaka kumi zaidi. Mtengenezaji ameshaisahau na draiva yake imeoza. Kinachoweza kuirefushia maisha ni fundi aliye karibu na kitabu kilicho wazi. Mafundi tunao wa kutosha.

Basi tufanye nini?

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Mimi si wakili, lakini kusoma najua. Zile chipu saba zilinunuliwa, na shule haikuzifaidi hata kidogo kwa sababu habari zilifichwa. Mawakili mnaosoma hapa, hili ni shamba ambalo halijalimwa.

Wanaonunua kwa pesa za umma wana nguvu kuliko sisi sote. Tangu mwaka 2016 serikali ilinunulia shule za msingi zaidi ya vifaa milioni 1. Mimi ninayetaka chipu 7 sina pa kujiandika kwenye fomu. Anayetaka milioni 1 fomu huandikwa upya kwa ajili yake. Mstari mmoja kwenye zabuni unatosha: kila chipu iliyomo iwe na maelezo ya kiufundi yanayopatikana hadharani, bila mkataba wa usiri. Mzabuni asiyeweza, apishe anayeweza.

Wewe nawe, kabla ya kununua, usiulize laptopu ni ya kampuni gani. Uliza chipu ya waifai ni ipi, ya picha ni ipi. Muuzaji akikushangaa, nenda na flashi yako ya Linux, iwashe pale pale dukani, uone. Wauzaji wa Luthuli si wajinga. Wakiulizwa swali moja na wateja kumi watalipeleka kwa anayewaletea mzigo.

Na wewe mwanaprogramu mwenzangu, siku ukiletewa ule mkataba usaini ili uandike draiva, usisaini kwanza. Waandikie uwaombe waziweke karatasi hadharani. Wakikataa, utaamua mwenyewe, lakini ujue unajipa ufunguo wewe na kuwaacha wenzako nje.

Mwalimu alinipigia tena juzi. Kifaa kimoja kati ya vile saba kimevunjika, mwanafunzi alikigonga na begi. Anataka kujua kama atanunua kingine au kama siku hizi ile ya ndani "imeshajulikana". Nilimwambia anunue kingine. Hiyo ni shilingi 900 nyingine.